Ukuta wa Tujunga: Vijana wa Los Angeles Walivyoichora Historia Iliyofichwa

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1932, mchoraji David Alfaro Siqueiros kutoka Mexico alibaki peke yake juu ya jukwaa, kwenye orofa ya pili ya jengo la Italian Hall katikati ya Los Angeles. Wasaidizi wake walikwisha ondoka. Sehemu ya kati ya ukuta ilikuwa bado tupu, na kesho yake wageni wangekuja kuuzindua mchoro. Waliomwagiza kazi walimpa na jina lake kabisa, *América Tropical*, wakitarajia misitu ya kijani, ndege wa rangi nyingi na watu wenye furaha. Kulipokucha walikuta mtu wa jamii za asili za Amerika amefungwa msalabani, na juu ya kichwa chake ametua tai.

Haukupita muda mrefu, sehemu iliyoonekana kutoka barabarani ikapakwa chokaa. Kabla ya miaka kumi kutimia, mchoro mzima ulikuwa umefunikwa. Siqueiros mwenyewe hakuongezewa kibali cha kukaa Marekani, akafungasha.

Chini ya ukuta huo unapita Mtaa wa Olvera, uliofunguliwa mwaka 1930 kuwa soko la watalii lenye sura ya Mexico ya zamani: vikapu, vyungu, kofia pana, wapiga gitaa. Soko lilipokuwa linachangamka, Wamexico wenyewe walikuwa wanafukuzwa. Tarehe 26 Februari 1931 maofisa wa uhamiaji walizingira uwanja wa La Placita, hatua chache tu kutoka mtaa huo, wakawazuia watu wapatao 400 na kuwadai karatasi zao. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, kazi zimeadimika, na mgeni ndiye aliyebebeshwa lawama. Katika miaka hiyo mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Mexico waliondolewa nchini, wengine kwa nguvu, wengine kwa vitisho. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, watoto wasiowahi kuiona Mexico. Jiji lilivipenda vikapu vyao. Wao wenyewe halikuwataka.

Tangu hapo, swali la nani achorwe kwenye kuta za Los Angeles, na achorwe vipi, halikuwa tena swali la urembo. Lilikuja kujibiwa miaka zaidi ya arobaini baadaye, na waliolijibu ni vijana wa mitaani, wakiwa ndani ya mfereji mkavu.

Kutoka Mexico hadi Pacoima

Siqueiros alitoka nchi iliyokwisha amua kwamba ukuta ni darasa. Baada ya Mapinduzi ya Mexico, José Vasconcelos aliyekuwa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1921 aliwafungulia wachoraji kuta za shule na ofisi za serikali, ili taifa ambalo wengi wake hawakujua kusoma lipate kuiona historia yake. Diego Rivera, José Clemente Orozco na Siqueiros ndio waliopata jina kubwa katika kazi hiyo. Siqueiros alikwenda mbali kuliko wenzake: alitaka mchoro utoke nje ya majengo, uchorwe na kikundi, na umkute mpita njia pale pale anapopita. Los Angeles ilimfukuza, lakini mawazo yake yalibaki.

Judith Baca alizaliwa Los Angeles mwaka 1946, katika ukoo uliotoka Mexico. Miaka yake ya mwanzo aliishi Watts, kwenye nyumba ya wanawake peke yao: bibi, mama na dada za mama. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi, na mlezi wa kila siku akawa bibi, Francisca, mjuzi wa dawa za miti shamba. Mama alipoolewa, familia ikahamia Pacoima, kaskazini mwa jiji, katika Bonde la San Fernando. Shuleni mtoto huyu alijua Kihispania peke yake, na Kihispania kilikatazwa. Mwalimu alimweka pembeni na kumpa rangi achore wakati wenzake wakifundishwa. Walimtenga, na huko pembeni ndiko alikoipata kazi ya maisha yake.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1969. Alipomwonyesha bibi yake kazi alizofanya chuoni, bibi alitaka kujua jambo moja tu: zina kazi gani? Baca amelisimulia swali hilo mara nyingi, kwa sababu hakuwa na jibu. Picha za kutundikwa kwenye majumba ambayo watu wa mtaani kwake hawayakanyagi zingewafaa nini watu hao?

Mwaka 1970 alipata kazi ya kufundisha sanaa katika bustani za umma za Boyle Heights, mtaa wa mashariki uliokuwa na Wamexico wengi na magenge mengi. Kila genge lilikuwa na alama zake ukutani, na alama hiyo ilikuwa mpaka. Kijana wa upande mwingine akiuvuka, anajitafutia kifo. Baca aliona kwamba vijana wale wale walioitwa wajinga shuleni walikuwa wasomaji hodari wa kuta. Akakusanya vijana 20 kutoka magenge manne yaliyokuwa na uadui, akawaita Las Vistas Nuevas, na pamoja wakachora kwenye bustani ya Hollenbeck picha kubwa ya bibi aliyefungua mikono yake tayari kukumbatia. Waliichagua makusudi. Kwenye genge lolote lile, bibi haguswi.

Mto uliomwagiwa zege

Mto wa Los Angeles zamani ulikuwa na tabia ya kuhama. Ukilala miezi kwa miezi kama kijito, kisha mvua za milimani zikishuka unavunja kingo na kujikatia njia mpya. Mafuriko ya Machi 1938 yaliua watu, yakabomoa madaraja na nyumba. Baada ya hapo Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kiliuzingira mto na matawi yake kwa zege, mwendo wa makumi ya kilomita, mpaka kizazi kizima kikakua bila kujua kwamba jiji lao lina mto. Tujunga ni mojawapo ya matawi hayo, na hupita katika Bonde la San Fernando, kando ya chuo cha Los Angeles Valley College.

Mwaka 1974 wahandisi hao hao walimwendea Baca. Walikuwa wakipendezesha kingo za mfereji wa Tujunga kwa bustani ndogo na njia ya baiskeli, wakataka na mchoro. Aliposhuka kuuangalia ukuta, Baca alimkumbuka kijana mmoja aliyefanya naye kazi, aliyekuwa na makovu mwilini kwa kuchomwa visu. Waliwahi kubuni pamoja chale za kuyageuza makovu yale kuwa mapambo, ili asiyaonee haya tena. Mfereji nao, akaona, ni kovu: mto ulikatwa, na pamoja na mto zikakatwa kumbukumbu za watu walioishi kandokando yake. Hakukuwa na haja ya kulificha kovu hilo. Lilihitaji kuchorwa chale, nayo chale iwe historia ya California kwa macho ya wale ambao vitabu vya shule viliwaruka.

Mwaka 1976 Baca, mchoraji Christina Schlesinger na mtengeneza filamu Donna Deitch walianzisha SPARC, shirika la sanaa ya umma lililokuja kuweka makao yake katika kituo cha zamani cha polisi mtaani Venice. Kiangazi cha mwaka huo kazi ikaanza: vijana 80, wasanii 10 na wanahistoria 5. Baadhi ya vijana waliletwa na mahakama za watoto, wakiwekwa kwenye rangi badala ya rumande. Walilipwa ujira, jambo ambalo Baca alilishikilia. Hii ilikuwa kazi, haikuwa adhabu wala hisani. Ukuta una kimo cha mita nne hivi. Kiangazi hicho cha kwanza walimaliza mita 305.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Mfereji hauchoreki wakati wa mvua, kwa hiyo ilibidi ichorwe katika miezi ya joto kali, katikati ya kuta mbili za zege zinazorudisha jua usoni. Kwanza ukuta ulisafishwa kwa kupulizwa mchanga, kisha ukagawanywa miraba ili mchoro mdogo wa karatasini uhamishwe kwa vipimo, ndipo zikaja rangi, na mwisho dawa ya kuzikinga. Lakini kabla ya brashi kuguswa, kulikuwa na miezi ya kutafuta. Wanahistoria walichambua kumbukumbu, wazee wa jamii mbalimbali waliitwa kusimulia waliyoyaona, na vijana wakakaa chini kuwasikiliza. Wachina, Wajapani, Wayahudi, Weusi, Wamexico, wenyeji wa asili, wazungu maskini: watoto wa watu hawa walikuwa wamekulia jiji moja bila kukaa meza moja. Sasa walishika ngazi moja, na ugomvi wa mitaa yao ulishuka nao mfereji ule. Kuwaweka pamoja mpaka jioni ilikuwa sehemu ya sanaa yenyewe.

Kilichomo ukutani

Mchoro unaanzia kabla ya binadamu, kwenye wanyama wakubwa waliokwisha toweka duniani, kisha unaingia kwa Wachumash, wenyeji wa pwani hiyo kabla ya Mhispania yeyote kufika. Mpangilio huo una maana yake. Ukianza hadithi ya California kwa Wachumash, kila anayefuata ni mhamiaji: kasisi, askari, mchimba dhahabu, hata yule anayejiita mwenye nchi.

Wanafuata waasisi wa Los Angeles, watu 44 waliofika mwaka 1781 kutoka kaskazini mwa Mexico. Zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika, na wengine wengi walichanganya damu ya Kihispania na ya wenyeji wa asili. Kwa miaka mingi hadithi rasmi iliwapaka wote weupe wa Hispania. Ukutani walirudishiwa ngozi zao.

Mwaka 1848 Mexico ilishindwa vita na kuiachia Marekani California, na Wamexico waliokuwa nyumbani kwao wakajikuta wageni bila kuhama hata hatua moja. Kisha ikaja dhahabu, ikaja reli, wakaja na Wachina walioijenga. Tarehe 24 Oktoba 1871 kundi la watu wenye hasira lilivamia mtaa wa Wachina wa Los Angeles, likawaua watu wapatao 18, wengi kwa kuwanyonga. Wachache waliotiwa hatiani waliachiwa baada ya rufaa. Karne moja baadaye, mtoto wa shule wa Los Angeles angeweza kumaliza madarasa yote bila kulisikia tukio hilo. Ukutani limo.

Ukuta ulisonga kiangazi kwa kiangazi: 1976, 1978, 1980, 1981 na 1983, kila awamu ikiongeza mita mia moja na zaidi. Katika sehemu ya miaka ya 1930 yumo mkulima mzungu aliyekimbia vumbi la Oklahoma, na wamo Wamexico wanaopandishwa treni kurudishwa nchi ambayo wengi wao hawaijui. Wawili hao wako jirani kwenye ukuta, nao ni jirani kweli: wote walifukuzwa na njaa ile ile, mmoja akaingia California wakati mwingine akitolewa.

Katika miaka ya 1940 wamo Wajapani. Kwa amri ya Rais Roosevelt ya tarehe 19 Februari 1942, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa majumbani mwao pwani ya magharibi na kufungiwa makambini kama Manzanar. Theluthi mbili walikuwa raia. Vijana walilichora jambo hili mwaka 1981, wakati serikali ilikuwa haijaomba radhi. Radhi iliombwa mwaka 1988, pamoja na fidia ya dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Radhi ya jimbo la California kwa Wamexico waliofukuzwa ilikawia zaidi, ikaja mwaka 2005. Ukuta ulisema kabla ya Bunge.

Kuna kijana wa Kimexico aliyevuliwa nguo, amelala kifudifudi barabarani, kumbukumbu ya Juni 1943 ambapo mabaharia na askari walizunguka mjini wakiwapiga vijana waliovaa suti pana. Kuna bonde la Chavez Ravine, makazi ya Wamexico yaliyobomolewa kwa ahadi ya nyumba za bei nafuu, kisha ardhi ikaishia kwenye uwanja wa besiboli. Uwanja huo umechorwa ukishuka kutoka angani kama chombo cha sayari nyingine. Pembeni, barabara kuu zimejiviringisha kama nyoka katikati ya familia, na kuwatenga ndugu na ndugu. Atakayedhani hiyo ni chumvi ya mchoraji aitazame ramani ya Los Angeles mashariki.

Lakini ukuta haukuwa daftari la misiba. Mwisho wa awamu ya mwaka 1983 ni wanariadha wa Olimpiki waliovunja vizuizi, miongoni mwao Wilma Rudolph, mwanamke mweusi aliyeugua polio utotoni akaja kushinda medali tatu za dhahabu Roma mwaka 1960, na Billy Mills wa kabila la Lakota, aliyeshangaza dunia katika mita 10,000 huko Tokyo mwaka 1964. Furaha yao inaeleweka kwa sababu mtazamaji amepita kwanza kwenye mita mia kadhaa za yaliyowatangulia. Hapo ndipo kazi hii inapoachana na michoro mingi ya kusherehekea mchanganyiko wa watu, ile yenye mikono ya rangi zote iliyoshikana kuzunguka dunia. Michoro hiyo huonyesha karamu tu, bila kusema nani aliyelala njaa mlangoni.

Jua, maji na miaka

Kiangazi cha mwaka 1983 kilipokwisha, ukuta ulikuwa umefika mita 840 hivi, na vijana zaidi ya 400 walikuwa wameupaka rangi. Baadaye wapo waliorudi na watoto wao kuwaonyesha kipande walichochora. Huko mjini, chokaa ya Mtaa wa Olvera ilikuwa imeanza kubanduka tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na yule mtu wa msalabani akaanza kuonekana tena, amefifia. Baada ya miaka mingi ya kuhifadhiwa na wataalamu wa Taasisi ya Getty, *América Tropical* ilifunguliwa rasmi kwa umma mwaka 2012, miaka 80 baada ya uzinduzi wa kwanza.

Ukuta wa Tujunga nao haukusalimika na hali ya hewa. Jua liliifubaza rangi, moshi wa magari ukailia, na maji ya mvua yakapanda kila mwaka na kuondoka na kipande. Ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2011, na baadhi ya waliochora wakiwa vijana walirudi kuushika ukuta tena wakiwa watu wazima. Mwaka 2017 ukuta uliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Serikali ikawa imekiri kwamba kazi ya watoto waliopelekwa pale na mahakama ni urithi wa nchi nzima.

Mwaka 2021 Wakfu wa Mellon ulitoa dola milioni 5 ili historia iliyosimama kwenye miaka ya 1960 iendelezwe hadi siku zetu. Kuanzia Oktoba 2023 sehemu mpya zilichorwa ndani ya jumba la makumbusho ya sanaa la kaunti ya Los Angeles, LACMA, mbele ya macho ya watazamaji. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Baca alikabidhiwa Ikulu ya Marekani nishani ya taifa ya sanaa. Binti aliyewekwa pembeni ya darasa kwa kutojua Kiingereza alipokea nishani hiyo akiwa na miaka 76.

Nishani ni nzuri, lakini isitusahaulishe sababu ya ukuta huu kudumu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1932 waliouagiza mchoro walitaka sura ya Mexico bila Wamexico, na ukweli ulipoletwa ukapakwa chokaa. Walioonyeshwa pale hawakuwa na sauti ya kuuzuia mkono ule. Mwaka 1976 wenye historia walikuwapo wao wenyewe: wazee walisimulia, wanahistoria walipima, watoto wao wakachora, na hatimaye ukuta mzima ukawa na watu zaidi ya 400 wa kuutetea.

Kila mji unaopanga kuwaenzi wahamiaji wake kwa sanamu au kwa mchoro utapimwa kwa mambo hayo mawili. Je, waliohamia wameshika brashi, au wamechorwa tu? Na je, ukuta unataja siku walipofukuzwa pamoja na siku walipokaribishwa? Halmashauri isiyo tayari kujibu maswali hayo na iokoe fedha za walipa kodi, iache ukuta mtupu mpaka itakapokuwa tayari.